Salum Abdallah na Bendi ya Cuban Marimba

Natumaini kikundi chenu kimekwisha kukutana, na yule anayewasomea wenzake amekaa mahali penye mwanga. Aliyekosa kulisikia somo hili katika redio atalisoma hapa kama lilivyosemwa, neno kwa neno, pamoja na mahali pachache ambapo msemaji alitoka kidogo nje ya njia.

Leo hatuzungumzi juu ya watemi wala juu ya vita. Tunazungumza juu ya mtu aliyekuwa akiimba na kuwaongoza wenzake kuimba, na aliyekufa akiwa bado kijana. Lakini kwa kuwa wengi wenu mko Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, nataka nianzie nyumbani kwenu kwanza, kisha tusafiri pamoja mpaka Morogoro.

Mnawajua Bagika na Bagalu. Hakuna mtu wa Ntuzu anayehitaji kufundishwa habari zao na redio. Hata hivyo nawakumbusha jambo moja. Katikati ya karne ya kumi na tisa walikuwapo Usukumani waganga wawili waliokuwa pia hodari wa kucheza, Ngika na Gumha. Wakashindana kujua nani ni mkubwa katika dawa na katika ngoma. Waliomfuata Ngika wakaitwa Bagika, na waliomfuata Gumha wakaitwa Bagalu. Ngika na Gumha wamekufa zamani sana, na watemi waliokuwapo siku zao wamekufa. Wajerumani wamekuja wakaondoka, Waingereza vilevile. Bariadi imekuwa chini ya Mkoa wa Shinyanga, na tangu mwaka 2012 iko katika Mkoa wake wa Simiyu. Mambo hayo yote yamepita, na bado baada ya mavuno makundi mawili huingia katika uwanja mmoja, yakacheza saa ile ile, na watu wakaenda upande unaowapendeza. Penye watu wengi ndipo penye ushindi.

Sasa, huko Morogoro katika miaka ya 1950 na 1960 palikuwa na mashindano yanayofanana sana na hayo. Palikuwa na bendi mbili za dansi, na mji uligawanyika kati yao. Bendi hizo zilisikika kote Afrika Mashariki. Leo hazipo tena. Swali la somo letu ndilo hili: kwa nini ngoma ya Ngika imempita mwenyewe kwa zaidi ya miaka mia moja, na bendi ya Salum Abdallah haikuweza?

Tuanze na neno lenyewe, maana limewachanganya wengi. Mtu wa Marekani akisikia neno jazz hufikiri juu ya watu kama Duke Ellington, aliyezaliwa mwaka 1899 na kufa mwaka 1974. Bendi yake ilikuwa na watu kama kumi na watano, wenye matarumbeta, saksafoni na piano, na yeye aliiongoza karibu miaka hamsini. Huku kwetu neno hilo lilifika peke yake, bila mizigo yake. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, na baadaye zikatokea jazz nyingine: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz. Ukizisikiliza bendi hizo hutasikia muziki wa Ellington. Neno jazz kwa watu wetu lilikuwa na maana ya kundi la dansi la kisasa, lenye vyombo vya kununuliwa dukani na lenye kupiga katika ukumbi, watu wamevaa viatu.

Muziki wenyewe ulitoka kwingine. Tangu mwaka 1933 kampuni ya Waingereza ilianza kuuza katika Afrika sahani za santuri zenye herufi GV, na nyingi kati yake zilikuwa nyimbo za Kuba: rumba, bolero, na nyingine za namna hiyo. Waimbaji waliimba Kihispania, lugha ambayo hapa hakuna aliyeijua. Lakini watu waliposikia mapigo ya vile vijiti viwili vinavyogonganishwa, na ngoma ya mkono ikijibu, hawakuona kwamba ni kitu kigeni sana. Na sababu ipo. Mapigo hayo yalikuwa yamevuka bahari pamoja na watumwa waliochukuliwa kutoka Kongo na Afrika ya magharibi. Yalikaa Kuba miaka mia tatu, yakavaa nguo za Kihispania, kisha yakarudi Afrika ndani ya sanduku la santuri. Hata neno marimba limefanya safari hiyo hiyo. Ni neno la lugha zetu za Kibantu, nalo lilifika Amerika pamoja na watumwa.

Vijana wengi wa wakati ule walizipenda santuri za GV. Mmoja wao alizipenda kupita kiasi. Jina lake lilikuwa Salum Abdallah Yazidu, na kwa kuzichukua herufi za mwanzo za majina hayo watu walimwita SAY. Alizaliwa Morogoro mwaka 1928, na baba yake alikuwa na asili ya Kiarabu. Husimuliwa kwamba alipokuwa kijana alitoroka nyumbani ili aende Kuba, akaone kwa macho yake watu wanaopiga muziki ule. Alifika Mombasa. Hapo bahari ilimshinda, akarudishwa kwao.

Ndugu msomaji, usicheke. Kijana aliyeona meli bandarini na asiweze kuipanda anaweza kurudi nyumbani na kufanya moja kati ya mambo mawili: kukata tamaa, au kuileta Kuba Morogoro. Mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka ishirini tu, Salum alianzisha kundi lake, akaliita La Paloma. Maana yake kwa Kihispania ni njiwa, nalo ni jina la wimbo uliotungwa na Mhispania katika karne ya kumi na tisa na ulioimbwa karibu dunia nzima. Mwaka 1952 kundi hilo likapata jina lililokuja kujulikana zaidi, Cuban Marimba.

Tazama jinsi jina hilo lilivyo. Nusu ya kwanza ni ya nchi ambayo hakuifika, na nusu ya pili ni neno la kwetu. Sidhani kwamba alikaa chini akafikiri sana juu ya jambo hilo. Majina ya bendi hayapatikani hivyo. Lakini nyimbo zake ndivyo zilivyokuwa. Mapigo yalikuwa ya Kuba, na maneno yalikuwa ya Kiswahili safi, Kiswahili cha mtu anayezungumza na jirani yake juu ya mapenzi, wivu, shemeji, majungu na umaskini. Sauti yake ilikuwa laini, isiyo na haraka. Kwa maoni yangu hakuna mwimbaji wa dansi wa siku zile aliyeyatamka maneno kwa usafi kama yeye. Unaweza kuzisikiliza nyimbo zake leo na kalamu mkononi, ukayaandika maneno yote bila kuuliza.

Kwa nini Morogoro, na si Dar es Salaam? Fungueni ramani zenu, kama mnazo. Morogoro iko karibu kilomita 200 kutoka Dar es Salaam, katika Reli ya Kati. Kuanzia hapo mpaka Kimamba na Kilosa kulikuwa na mashamba ya mkonge, na katika mashamba hayo kulikuwa na maelfu ya watu waliopokea mshahara kila mwezi. Wengi waliitwa manamba. Walitoka mbali: Wanyamwezi, Waha, Wabena, na Wasukuma pia. Mtu aliye mbali na kwao, mwenye mshahara mfukoni siku ya Jumamosi, ataitafuta ngoma. Lakini ngoma ya kwao haiko pale, na ngoma ya Waluguru si yake. Dansi ilikuwa ya watu wote, kwa kuwa haikuwa ya kabila lolote, na nyimbo zake ziliimbwa kwa lugha ambayo Mha na Mluguru walikuwa wakiitumia wote wawili. Hapo ndipo bendi ilipopata wasikilizaji wake.

Na habari zilisafiri. Reli ya kutoka Tabora mpaka Mwanza ilimalizika mwaka 1928, ikipita Malampaka, katika Maswa. Aliyerudi kutoka katika mkonge alirudi kwa treni, na ikiwa alikuwa amebahatika alirudi na santuri. Kisha ikaja redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Mwaka 1956 ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Na mwaka 1965 ikachukuliwa na Serikali, ikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa njia hiyo mkulima wa pamba wa Ntuzu, ambaye hajapata kuiona Milima ya Uluguru, aliweza kuijua sauti ya Salum Abdallah kama anavyoijua sauti ya mjomba wake.

Sasa tuje kwenye mashindano. Cuban Marimba haikuwa peke yake Morogoro. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, kwa hiyo ilikuwa bendi kubwa kwa umri. Mji mdogo wenye bendi mbili kubwa ni kama nyumba yenye majogoo wawili. Kila bendi ilikuwa na watu wake, na mtu wa bendi hii hakupenda kuonekana katika dansi ya bendi ile. Bendi moja ikitoa wimbo, nyingine ilipaswa kutoa ulio mzuri zaidi, ama sivyo ukumbi wake ungekuwa mtupu Jumamosi inayofuata. Mmekwisha kuona ninakokwenda. Mambo haya ni yale yale ya Bagika na Bagalu, ila uwanja umewekewa paa na mlango umewekewa kiingilio.

Hiki kiingilio ndicho kitu cha kukiangalia kwa makini, na hapa nawaomba mtulie kidogo.

Fikirini kazi ya kiongozi wa bendi. Watu humwona usiku amesimama mbele anaimba, wakadhani kazi yake ni hiyo. Lakini nyuzi za gitaa hukatika, na haziwezi kusokotwa nyumbani, lazima zinunuliwe. Saksafoni ikiharibika hakuna fundi wa kijijini anayeijua. Wapigaji wanataka kula, na wana wake na watoto. Safari inataka gari, na gari linataka petroli. Mpigaji mzuri hushawishiwa na bendi nyingine kwa shilingi chache zaidi, na asubuhi moja hayupo. Kiongozi ndiye anayetunga, anayefundisha, anayegombanisha na kupatanisha, na anayeijibu kampuni ya santuri. Nyimbo za Cuban Marimba zilitolewa Mombasa kwa alama ya Mzuri, mji ule ule ambao Salum alikuwa ameukimbilia zamani akitafuta meli. Ilikuwa lazima kwenda nje, kwa sababu Tanganyika haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri.

Mambo hayo yote yalimtegemea mtu mmoja. Na mtu mmoja hupita njia moja na magari.

Mwezi Novemba mwaka 1965 Salum Abdallah alikufa katika ajali ya gari. Alikuwa na umri wa miaka 37. Katika moja ya nyimbo zake anawataja wanawake wa Tanzania, na kwa jambo hilo tunaweza kuujua umri wa wimbo, kwa kuwa jina la Tanzania lilianza kutumika mwishoni mwa Oktoba 1964. Wimbo huo basi ni wa mwaka wake wa mwisho. Nchi ilikuwa imepata jina jipya, naye aliwahi kuliimba kwa miezi michache tu.

Bendi haikufa siku ile. Hapa ni lazima tuwe wa haki, maana wengine husimulia kana kwamba kila kitu kilikwisha kaburini. Uongozi ulichukuliwa na Juma Kilaza, naye aliiendesha Cuban Marimba kwa miaka mingi baada ya hapo, akitunga nyimbo zake mwenyewe. Upande wa pili, Morogoro Jazz ilikuwa imempata kijana mmoja mpiga gitaa, Mbaraka Mwinshehe. Alizaliwa mwaka 1944, mwaka ule ule bendi hiyo ilipoanzishwa. Chini ya Kilaza na Mbaraka mashindano ya Morogoro yaliendelea, na kwa maoni ya wengi yalifikia kilele. Mwaka 1970 Mbaraka alikwenda mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Mwaka 1973 akaiacha Morogoro Jazz, akaanzisha bendi yake, Super Volcano. Mwezi Januari mwaka 1979 naye akafa kwa ajali ya gari, huko Mombasa, akiwa na miaka 34.

Vifo viwili vya namna moja vimewafanya watu waseme mengi juu ya bahati mbaya na uchawi wa mashindano. Wasikilizaji wa Bariadi, mnaojua maneno yanayosemwa juu ya dawa za uwanjani, hamtashangaa. Mimi sitaingia katika maneno hayo. Barabara za wakati ule, safari za usiku baada ya dansi, na dereva ambaye hakulala, vinatosha kueleza mengi.

Ukweli ni kwamba bendi za mikoani ziliuawa na kitu kingine kisicho na hadithi nzuri. Katika miaka ya 1970, na hasa baada ya vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, nchi ilikosa fedha za kigeni. Nyuzi za gitaa ni kitu cha fedha za kigeni. Vipaza sauti vilevile. Petroli vilevile. Bendi isiyo na mwenye nguvu nyuma yake ilitengeneza chombo mpaka kikashindikana kutengenezwa, kisha ikanyamaza. Zilizoweza kuendelea kwa urahisi zaidi ni zile zilizokuwa mali ya vyama, majeshi na mashirika, ambako mpigaji alipata mshahara na chombo kilikuwa mali ya shirika. Mfano mkubwa ni NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika jina, bendi nayo ilibadilika: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na mwishowe ikawa Msondo Ngoma. Viongozi walikuja wakaondoka, waimbaji mashuhuri walihama na wengine wakafa, na bendi ikaendelea. Morogoro haikuwa na bahati hiyo.

Rudini sasa Ntuzu mkaitazame ngoma yenu kwa macho haya. Nani ana mali ya Bagika? Ngoma imechongwa kwa mti wa hapo hapo, na ngozi ni ya ng'ombe wa hapo hapo. Ikipasuka leo, kesho inawambwa nyingine, wala Benki Kuu haiulizwi. Wachezaji hawalipwi mshahara. Wao ni wakulima, na wengi wao ndio wale wale wanaoalikana kulima, jembe na ngoma vikienda pamoja kama katika bugobogobo. Kiongozi akifa, kundi halijafa, kwa sababu kundi lilikuwapo shambani kabla halijaingia uwanjani. Na mtu huwa Mgika au Mgalu kama anavyokuwa wa ukoo. Hakuna aliyekuwa wa Cuban Marimba kwa namna hiyo. Mpenzi wa bendi hulipa kiingilio, hucheza, hurudi kwake. Na siku bendi isipokuja, hutafuta dansi nyingine.

Kwa hiyo mtu anaweza kusema kwamba ngoma imeishinda bendi, na somo limekwisha. Mimi mwenyewe nilitaka kuishia hapo nilipokuwa nikilitengeneza somo hili. Lakini nikakumbuka jambo ambalo liliniharibia hesabu.

Hebu niambieni: Ngika aliimba nini? Sauti yake ilikuwaje, nene au nyembamba? Gumha alimjibu kwa maneno gani? Hakuna ajuaye. Majina yao yamebaki, na makundi yao yamebaki, lakini sauti zao zimepotea kabisa. Wala si wao tu. Kila msimu viongozi wa ngoma hutunga nyimbo mpya za kumpiku mpinzani, na za mwaka juzi huachwa, kwa kuwa wimbo wa zamani hauvuti watu uwanjani. Fikirini ni nyimbo ngapi zilizotungwa Usukumani tangu siku za Ngika, zenye habari za njaa, nzige, kodi, pamba, safari za pwani na vita vya Wazungu, ambazo leo hakuna mtu hata mmoja anayezikumbuka.

Salum Abdallah, ambaye bendi yake imekufa, naweza kumsikia usiku wa leo. Mwaka 2000 kampuni moja ya Ujerumani ilizikusanya nyimbo zake za kati ya mwaka 1955 na 1965, ikazitoa upya katika sahani moja iliyopewa jina la wimbo wake, Ngoma Iko Huko. Mtu aliyezaliwa miaka arobaini baada ya ajali ile anaweza kumsikia akivuta pumzi kabla ya ubeti.

Basi tumepata mambo mawili, na kila moja limekosa lililo kwa mwenzake. Morogoro bendi ilikufa, sauti ikabaki. Ntuzu ngoma imebaki, sauti zimekufa.

Na kuna jambo la tatu, la fedha, ambalo siwezi kuliacha. Nimetaja Duke Ellington hapo mwanzo. Aliwezaje kuwalipa watu kumi na watano kwa karibu miaka hamsini, hata katika miaka ambayo dansi za bendi kubwa zilikuwa zimepungua sana Marekani? Sehemu ya jibu ni hii: alikuwa na haki ya kulipwa kwa nyimbo alizotunga. Kila zilipopigwa, fedha ilikuja, naye akaitumia fedha hiyo kuwaweka wapigaji wake. Alipokufa, mwanawe Mercer akaichukua bendi. Huku kwetu mara nyingi mwimbaji alipewa fedha mara moja, siku ya kurekodi, kisha wimbo ukaenda zake. Redio ikaupiga miaka arobaini, watu wakaoana kwa wimbo huo, na mwenyewe au watoto wake wasipate kitu. Sheria ya Haki Miliki na Haki Shiriki, inayoeleza wazi haki za mtunzi na za mpigaji, ilitungwa mwaka 1999. Salum alikuwa amelala kaburini kwa miaka 34.

Sisemi kwamba fedha za nyimbo zingeiokoa Cuban Marimba. Nyuzi zingekatika tu, na fedha za kigeni zisingepatikana kwa wimbo wa mapenzi. Lakini kiongozi aliyefuata angekuwa na kitu cha kuanzia, na si jina peke yake. Jina kubwa la marehemu ni mzigo kwa anayelirithi. Kilaza alilibeba kwa miaka mingi, na nadhani hasifiwi vya kutosha kwa hilo. Watu husimulia juu ya Salum, kisha huruka mpaka kwa Mbaraka, kana kwamba katikati hapakuwa na mtu aliyekuwa akizitafuta nyuzi.

Nawaachia kazi ya kikundi, kama desturi yetu.

Kwanza, mtafuteni mzee au bibi mmoja katika kijiji chenu aliyepata kuongoza ngoma, Mgika au Mgalu, au aliyeongoza wigashe alipokuwa kijana. Mwendeeni kwa adabu, mwamkieni inavyostahili, wala msiende na haraka. Mwombeni akumbuke wimbo mmoja ambao hauimbwi tena uwanjani. Siku hizi simu ya mkononi inaweza kushika sauti, na karibu kila kikundi kina mtu mwenye simu ya namna hiyo. Ishikeni sauti yake. Kisha andikeni katika daftari jina lake, jina la mtunzi kama si yeye, mwaka wimbo ulipotungwa kama anaukumbuka, na jambo lililousababisha. Kabla hamjaondoka, mwulizeni kama anakubali sauti yake isikilizwe na watu wengine, na jibu lake liandikeni katika ukurasa ule ule.

Pili, ulizaneni: ngoma inayopigwa katika kundi lenu ni mali ya nani? Aliichonga nani, na ikipasuka, nani atatoa ngozi?

Tatu, kwa wale walio na wazee waliopata kufanya kazi katika mkonge, huko Kilosa au Kimamba. Waulizeni kama walipata kuingia katika dansi ya Morogoro, na kama waliingia, walikuwa upande gani. Nakuonyeni tu kwamba msiwaulize wawili pamoja, kama mmoja alikuwa wa Cuban Marimba na mwingine wa Morogoro Jazz. Kikao kitakuwa kirefu.